MKEBE UNAOUNGA CHUMA

Kitazame kisu chako cha jikoni. Ubavu wake una rangi moja tu, kutoka mpini hadi ncha. Sasa fikiri kisu kingine. Ubavu wake una mistari kama mawimbi madogo ya ziwa wakati wa asubuhi. Mistari hiyo haikuchorwa, wala haikupakwa rangi. Imo ndani ya chuma chenyewe. Hata ukikinoa kisu hicho mpaka kibaki nusu, mistari bado imo.

Kisu cha namna hiyo kimetokana na vipande vingi vya chuma. Vipande viliwekwa motoni, vikapigwa nyundo, vikawa kitu kimoja. Hakuna gundi kati yake. Hakuna ribiti wala skrubu.

Njia moja ya kufanya kazi hiyo ni kutumia mkebe. Mhunzi hupanga vipande vyake ndani ya mkebe wa chuma. Huufunga, huuweka motoni, kisha huupiga nyundo. Njia hii ni nzuri, na vifaa vyake vingi vinapatikana hapa kwetu. Lakini mkebe huo huo ukitayarishwa vibaya unaweza kumpofusha fundi, au kumwua. Kwa hiyo soma mpaka mwisho kabla hujawasha moto.

VYUMA VYA NYAKATO

Nyakato iko Ilemela, mkoani Mwanza, kandokando ya barabara kuu iendayo Musoma. Ni mahali pa viwanda na karakana. Panapotengenezwa magari na pikipiki hapakosi vyuma chakavu. Utaona springi zilizovunjika, beringi zilizokwisha, cheni za bodaboda zilizolegea, tupa butu na misumeno iliyokatika meno.

Watu wengi huviita vyuma hivi takataka, nao huviuza kwa kilo. Mhunzi haviiti hivyo. Anajua kwamba chuma si cha namna moja. Tofauti kubwa ni kaboni. Kaboni ndiyo kitu kikubwa kilichomo katika makaa ya kupikia, na chuma nacho huwa nayo kidogo. Nondo laini ya kujengea ina kaboni kama sehemu 2 katika sehemu 1,000. Hupindika kwa urahisi. Ukiifua iwe kisu, hakikai makali. Springi ya gari ina kama sehemu 6 katika 1,000. Gololi za beringi zina kama sehemu 10 katika 1,000. Hivi viwili ukivipasha moto mpaka viwe vyekundu na kuvizamisha katika mafuta, huwa vigumu na hushika makali. Chuma kigumu namna hii huitwa pua, au feleji.

Lakini chuma kigumu kina kasoro yake. Huvunjika. Chuma laini hakivunjiki upesi, bali hakikati. Ndiyo sababu mhunzi hodari huviunga pamoja. Mwili wa shoka huwa wa chuma laini, na mdomo huwa wa chuma kigumu. Ukipiga gogo, mdomo hukata na mwili hupokea kishindo. Kama kiungo ni kibaya, mdomo huruka. Mtu aliyesimama karibu hapati nafasi ya kukimbia.

Kwa hiyo kuunga vizuri si jambo la mapambo tu. Tuone basi chuma hushikanaje.

MAMA NA CHAPATI

Mama anapotengeneza chapati hupaka mafuta juu ya unga uliosukumwa, halafu huukunja. Anajua kwamba palipo na mafuta unga haushikani. Ndiyo maana chapati yake huachana tabaka kwa tabaka. Asipopaka mafuta, unga hushikana ukawa donge moja.

Chuma nacho ni hivyo. Vipande viwili vya chuma safi, vikiwa na moto mkali na kugandamizwa pamoja, hushikana. Havihitaji kuyeyuka kama barafu. Hulainika tu, na kila kimoja hujifunga katika mwenzake. Joto linalotakiwa ni kama nyuzi 1,200 hadi 1,300 za sentigredi. Maji huchemka kwa nyuzi 100. Mhunzi hana kipimo cha joto hilo, ila ana macho. Chuma hutoka wekundu, kikaingia rangi ya chungwa, halafu kikawa cha manjano yenye kung'aa. Hapo ndipo mahali pake. Kikizidi kikawa cheupe na kurusha cheche kama fataki, kinaungua. Chuma kilichoungua hakitengenezeki tena.

Taabu ni hewa. Chuma chenye moto kikikutana na hewa huota magamba meusi. Bila shaka umeyaona yakipukutika chini ya fuawe. Magamba hayo ndiyo mafuta ya chapati. Yakiwa katikati ya vipande viwili, vipande havishikani, hata upige nyundo mpaka jua lizame.

Wahunzi wa nchi nyingi waligundua dawa ya magamba hayo tangu zamani. Walinyunyiza mchanga safi juu ya chuma chenye moto. Mchanga uliyeyuka pamoja na magamba ukawa kama uji wa kioo. Nyundo ilipopigwa, uji uliruka nje ukachukua uchafu wote. Siku hizi mafundi wengi hutumia boraksi, unga mweupe unaofanya kazi ile ile.

WAZEE WETU WALIJUA

Usidhani kazi hii ni ngeni pande hizi. Ng'ambo ya Ghuba ya Mwanza, upande wa Geita, waliishi Warongo. Hawa walikuwa wafuaji wa chuma wenye sifa. Walichimba mawe yenye chuma, wakayachoma kwa makaa katika tanuri la udongo, wakafua majembe. Leo unaweza kwenda huko kwa kupita daraja la Kigongo hadi Busisi, lililofunguliwa mwaka 2025. Jembe la Mrongo lilikwenda mbali kwa miguu ya watu.

Wahaya wa Bukoba nao walikuwa mabingwa. Katika miaka ya 1970 wazee wa Kihaya walijenga tena tanuri la zamani mbele ya wataalamu. Walichimba shimo, wakalijaza matete ya bwawani yaliyochomwa, wakajenga tanuri juu yake, wakavuta mivukuto. Mwaka 1978 wataalamu wawili, Peter Schmidt na Donald Avery, waliandika habari hizo. Walieleza pia kwamba tanuri za kale zilizofukuliwa pwani ya ziwa huko Buhaya zina umri wa zaidi ya miaka 1,500.

Sasa sikiliza jambo linalotuhusu. Chuma kilichotoka katika tanuri zile hakikuwa kipande safi kama nondo ya dukani. Kilikuwa donge lenye matundu kama sifongo, limechanganyika na mavi ya chuma. Mhunzi alilipasha moto mkali, akalipiga, uchafu ukaruka, na matundu yakajifunga. Maana yake ni kwamba kila jembe la zamani liliungwa ndani kwa ndani kwa moto na nyundo. Mhunzi asiyejua kuunga asingeweza kufua hata jembe moja.

MKEBE UNAFANYA NINI?

Basi wazee walitoa uchafu kwa mchanga na nyundo. Mkebe hufanya namna nyingine. Huzuia uchafu usiingie tangu mwanzo. Vipande vikiwa ndani, hewa mpya haivifikii. Ile hewa kidogo iliyobaki ndani huliwa na chuma mara moja, ikaisha. Magamba hukosa chakula. Na kwa kuwa vipande vimezungukwa pande zote, haviwezi kukimbia huku na huku chini ya nyundo. Hata vipande vidogo vidogo, ambavyo koleo haliwezi kuvishika, huungwa.

Katika nchi nyingine kazi ya mkebe imefika mbali. Huko Marekani ustadi wa chuma chenye mistari ulikuwa karibu kusahaulika. Mwaka 1973 mhunzi mmoja, Bill Moran, alionyesha visu alivyofua kwa chuma hicho, na wengi wakatamani kujifunza. Baadaye wahunzi wakaanza kupanga cheni za pikipiki ndani ya mikebe na kujaza unga wa chuma katika nafasi zilizobaki. Kisu kikikamilika, umbo la cheni huonekana ubavuni. Huko Sweden, tangu miaka ya 1990, kiwanda cha Damasteel hutia unga wa chuma wa aina mbili katika mkebe mkubwa na kuukandamiza kwa moto na mashine.

Wauzaji wengi hukiita chuma hiki chuma cha Damasko, kwa jina la mji wa Siria. Jina hilo huchanganya watu. Panga maarufu za Damasko za zamani zilitokana na chuma cha namna nyingine, kilichoyeyushwa ndani ya vyungu vidogo huko India na Sri Lanka. Hazikuungwa kwa vipande. Ukisikia jina hilo sokoni, usiongeze bei kwa sababu ya jina tu.

TUSEME WEWE NI MHUNZI

Unataka kufua kisu cha mistari. Anza na vipande bapa. Cheni inavutia macho, lakini inaacha nafasi nyingi ndani ya mkebe. Nafasi hizo lazima zijazwe unga safi wa chuma. Vumbi la grenda halifai, kwa sababu limechanganyika na punje za jiwe.

Chukua springi ya gari na kipande cha msumeno mkubwa wa kupasulia mbao. Chuma cha misumeno hiyo mara nyingi kimetiwa nikeli, nacho hubaki cheupe. Springi huwa nyeusi zaidi. Tofauti hiyo ndiyo italeta mistari. Kata vipande vyenye urefu na upana sawa. Visugue kwa grenda au tupa mpaka ving'ae pande zote. Kutu isibaki hata chembe. Kama vina grisi, vioshe kwa mafuta ya taa mbali na moto, kisha kwa maji ya moto na sabuni. Halafu vikaushe.

Tunarudia: vikaushe. Vianike juani, kisha viweke juu ya jiko mpaka viwe vya moto mkononi. Sababu yake tutaieleza sasa hivi.

Mkebe wenyewe ni kipande cha bomba la mraba, lile ambalo madukani huitwa skwea paipu. Unene wa milimita 3 unatosha. Panga vipande ndani, cheusi na cheupe, cheusi na cheupe, vibanane kama vitabu katika kabati. Mafundi wengi hupaka ndani ya mkebe ile rangi nyeupe ambayo makarani hufutia makosa ya wino. Ikikauka kabisa, huzuia mkebe usishikane na vipande, nao huvuliwa kwa urahisi baadaye. Nani angefikiri kwamba kifaa cha karani kingefika kwa mhunzi!

Sasa mkebe ufungwe kwa vifuniko vya bati nene. Kazi hii inataka mashine ya kuchomelea. Kama kijijini kwenu hakuna, peleka mkebe kwa fundi wa kuchomelea mjini. Mwombe pia achomelee nondo ndefu upande mmoja, iwe mkono wa kushikia.

HAPA PANA KIFO

Mambo matatu huwaumiza mafundi. Yasome polepole.

La kwanza ni maji. Kikombe kimoja cha maji kikigeuka mvuke hutaka nafasi ya vikombe zaidi ya 1,600. Ndani ya mkebe uliofungwa nafasi hiyo haipo. Mkebe hupasuka kama bomu, na vipande vyenye moto huruka. Maji kidogo yaliyobaki baada ya kuosha yanatosha. Mafuta na grisi nayo ni hivyo hivyo. Mafundi wengine hufunga mkebe kabisa bila kuacha tundu. Sisi tunashauri uache tundu dogo la kupenya msumari mwembamba, hewa na mvuke vipate kutoka. Tundu lielekee ndani ya tanuri, lisielekee watu. Kwa sababu hiyo hiyo usitupe motoni shokapu ya gari au pikipiki ambayo haijatobolewa. Ndani yake mna mafuta na hewa iliyobanwa.

La pili ni zinki. Bomba la maji la kijivu linalong'aa limepakwa zinki ili lisishike kutu. Ni zuri, ni imara, na limetupwa kila mahali. Kwa hiyo ndilo bomba ambalo fundi hutamani kulifanya mkebe. Usilifanye. Zinki huchemka kwa nyuzi 907, muda mrefu kabla chuma hakijafika manjano. Hutoa moshi mweupe. Fundi anayevuta moshi huo hajisikii vibaya saa ile ile. Hurudi nyumbani, akala, akalala. Usiku anatetemeka, ana homa, kiu, na kifua kinambana. Katika nchi yetu mtu wa namna hiyo atasema ana malaria, atameza dawa ya malaria, na kesho kutwa atarudi kwenye moshi ule ule. Homa hiyo kwa kawaida huisha baada ya siku moja au mbili. Lakini moshi mwingi huharibu mapafu, na umewahi kuua. Ukipata homa baada ya kazi ya chuma, nenda zahanati upimwe, na mwambie mganga ulichoma chuma gani. Bila kumwambia hawezi kujua.

La tatu ni macho. Magamba yenye moto huruka. Vaa miwani ya kazi. Vaa nguo za pamba, maana nailoni huyeyuka ikashikana na ngozi. Na watoto wanaopenda kuvuta mivukuto wakae mbali siku ya mkebe.

MOTO NA NYUNDO

Weka mkebe katikati ya makaa na ugeuze mara kwa mara. Ukiona nje ni manjano, usifanye haraka. Kumbuka kiazi kitamu kilichofukiwa katika majivu. Ganda limeiva, katikati ni kibichi. Mkebe wenye upana wa sentimita 5 uache katika rangi ya manjano kwa nusu saa au zaidi. Fundi asiye na subira huunga nje na kuacha ndani wazi. Atagundua kosa lake siku kisu kinapoachana mikononi mwa mteja.

Mapigo ya kwanza yawe ya taratibu. Piga pande zote nne, usipige pembe. Kazi yako ya kwanza ni kukutanisha vipande, si kunyoosha chuma. Rudisha motoni. Piga tena kwa nguvu zaidi. Rudisha. Baada ya kurudia mara tatu au nne, sikiliza sauti. Donge lililoungwa hulia kama kipande kimoja. Lisiloungwa hutoa sauti iliyokufa.

Likipoa, ondoa ganda la mkebe kwa grenda. Tazama pembeni pake. Ukiona ufa mweusi mwembamba kama unywele, hapo hapajashika. Usijidanganye kwamba utafutika kwa tupa.

Donge zuri sasa hufuliwa kama chuma kingine chochote. Ukitaka mistari iliyopinda, lisokote likiwa na moto, au litoboe mashimo yasiyofika chini kisha ulipige liwe bapa. Baada ya kufua kisu, kipashe moto mpaka sumaku isikishike, halafu kizamishe katika mafuta ya kula yaliyopashwa kidogo. Kisha kitie tena joto dogo, kama nyuzi 200, mpaka ubavu uliosuguliwa uwe na rangi ya nyasi kavu. Ukiacha hatua hii kisu kitavunjika kikianguka sakafuni.

JE, INALIPA?

Hili ni swali la haki. Mkebe hula makaa mengi, kwa sababu hukaa motoni muda mrefu. Fundi wa kuchomelea anataka malipo yake. Siku nzima inapotea, na mara za kwanza utaharibu. Kwa jembe au panga la shamba hatushauri kabisa. Mkulima hanunui mistari. Kipande kimoja cha springi, kikifuliwa vizuri, kitakata sawa na kisu cha mistari, na pengine kukipita. Mpasuaji wa sangara mwaloni anataka makali yanayokaa tangu asubuhi hadi mchana. Hayo hutoka katika chuma kizuri na mafuta ya kuzamishia, si katika mapambo.

Wateja wa kisu cha mistari ni wengine. Ni watalii, watu wa hoteli, na watu wa mjini wanaotaka zawadi. Hao hulipa zaidi. Kama huna njia ya kuwafikia, uliza kwanza kabla ya kununua makaa. SIDO, shirika lililoundwa mwaka 1973 kuhudumia viwanda vidogo, lina ofisi mikoani. Wapelekee kisu kimoja wakione.

Na wewe mnunuzi jihadhari. Wako watu wanaochora mistari juu ya kisu cha kawaida kwa tindikali au mashine, wakakiuza ghali. Tazama mgongo wa kisu. Mistari ya kweli hupanda kutoka ubavuni, hupita mgongoni, na hushuka upande wa pili. Ya uongo huishia ukingoni.

Mistari hiyo haionekani mara tu kisu kinapokamilika. Ukikisugua kwa msasa, kisu kizima hung'aa rangi moja, na fundi anayeanza hudhani kazi yake imepotea. Asikate tamaa. Mafundi wengine hutumia tindikali kuitoa, lakini ipo njia isiyochoma mikono. Koroga kahawa ya unga, hii inayotengenezwa Bukoba, iwe nzito sana na bila sukari. Ipoe. Osha kisu kwa sabuni pasibaki mafuta, kitumbukize, ukiache saa kadhaa. Springi huliwa na kahawa ikawa nyeusi. Msumeno wenye nikeli hukataa. Kitoe, kioshe kwa maji, kifute kwa kitambaa, ukipake mafuta kidogo. Utaihesabu tabaka moja moja, kama ulivyozipanga mwenyewe ndani ya mkebe.